Chipukizi Langoni

Shangazi yangu wa Busia huniuliza kila Krismasi kama bado "nafuga vijidudu". Nikimwambia kazi yangu ni kuhakikisha havitoki nje, hucheka: sasa mnavifuga vya nini? Swali lake ni la haki, na leo nitalijibu kwa kirefu kidogo.

Mimi ni afisa wa usalama wa kibayolojia katika maabara moja nje kidogo ya Kampala. Wenzangu hukata jeni ya kiumbe kimoja na kuiunganisha na DNA ya kingine. Jeni hiyo kwanza hupachikwa kwenye plasmidi, yaani kijipete cha DNA, kisha plasmidi huingizwa ndani ya bakteria E. coli. Bakteria akigawanyika, jeni nayo inaongezeka. E. coli wetu ni wa ukoo wa K-12, uliotengwa mwaka 1922 na kulelewa kwenye chupa miaka yote hiyo, hadi maisha ya tumboni mwa mtu yanamshinda.

Hofu ya kazi hii ilianza na wanasayansi wenyewe. Paul Berg wa Marekani alikuwa amepanga kuingiza DNA ya kirusi SV40, kinachosababisha uvimbe kwa wanyama wa maabara, ndani ya E. coli. Wenzake wakamuuliza: je, bakteria huyo akitoroka na kuhamia matumboni mwa watu? Akasitisha. Mwaka 1974 yeye na wenzake wakaomba majaribio ya aina fulani yasimame, na Februari 1975 watu kama 140 wakakutana Asilomar, California. Walikubaliana kwamba kinga iendane na hatari, na kwamba kuta peke yake hazitoshi. Kiumbe mwenyewe adhoofishwe. Roy Curtiss akatengeneza E. coli aliyeitwa χ1776, asiyeweza kujenga ukuta wa seli yake bila kulishwa kemikali ambayo mwili wa mtu hauna. Mimi napenda sana akili hiyo: mfungwa ambaye hata akitoroka, chakula chake kimebaki jela.

Ila kazi yangu ya kila siku haina utukufu wa Asilomar. Ni taka. Visahani na chupa zote zilizogusa bakteria huingia kwenye otoklevu, lile pipa la chuma linalopika kwa mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121, na kwa taka zetu tunapika nusu saa. Mfuko hubandikwa utepe ambao mistari yake huwa myeusi ukipata joto.

Siku moja umeme ulikatika katikati ya mpiko. Jenereta likawaka, lakini mashine ilikuwa imeshapoa. Fundi wetu kijana akafungua, akaona mistari myeusi, akaanza kuburuta mfuko kwenda kwenye pipa la nje. Nilimkuta mlangoni. "Lakini Daktari, tepu imeiva!" Nikamwonyesha karatasi ya kumbukumbu: dakika tisa. Utepe unakwambia joto lilipita hapo. Kuhusu katikati ya mfuko uliojazwa kama gunia la mkaa, utepe hauna habari. Tukarudisha kila kitu, tukapika upya. Tangu siku hiyo kila Jumatatu tunaweka katikati ya mzigo kichupa cha spora, yaani vijimbegu vigumu, za Geobacillus stearothermophilus, bakteria sugu wa joto, kisha tunakilaza kwenye joto la kumlea. Kikibadili rangi kuwa njano, yuko hai, na mpiko wetu umefeli.

Shambani hesabu hubadilika. Kawanda, kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo, migomba yenye jeni zilizohamishwa imejaribiwa tangu 2007, kwanza dhidi ya sigatoka nyeusi, ugonjwa wa ukungu wa majani, baadaye dhidi ya mnyauko wa bakteria, kwa jeni za pilipili hoho. Watu wakisikia hivyo huniuliza habari ya chavua kupeperuka. Kwa mahindi, swali zuri. Kwa matoke ni kupoteza muda: mgomba wa matoke karibu ni tasa, na ndizi yake haina mbegu. Mgomba husafiri kwa mikono ya watu. Jirani akikuona una mkungu mnene, anakuomba chipukizi, nawe unampa. Ndivyo Uganda nzima ilivyopandwa. Kwa hiyo kwenye majaribio ya namna hiyo mimi naogopa begi la mgongoni kuliko nyuki. Ndiyo maana kuna uzio, lango moja, daftari la kuhesabu kila shina, na mabaki huharibiwa humo humo.

Sheria? Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa usalama wa kibayolojia Oktoba 2017, Rais akaurudisha. Likaupitisha tena Novemba 2018, na bado hakuusaini. Tunaendeshwa na miongozo ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na kamati yake ya usalama iliyoanza 1996. Kwa maoni yangu inatosha kwa utafiti. Kwa mkulima atakayetaka kupanda kibiashara, haitoshi hata kidogo.

Mwezi uliopita nilikagua shamba moja la majaribio nikiwa na mkungu wa ndizi nilioununua barabarani asubuhi, nikausahau kwenye buti ya gari. Wakati wa kutoka askari akafungua buti. Nikamweleza. Akanisikiliza kwa heshima zote, akasema, "Daktari, kitu cha mgomba hakitoki. Wewe ndiye ulitufundisha." Ukakatwakatwa na kufukiwa pamoja na mabaki mengine, mbele ya macho yangu, na usiku ule nyumbani tulikula posho, yaani ugali.