Linux si ya mafundi peke yao

Katika saiba nyingi za Kisumu na Nakuru utaambiwa Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ni ya wataalamu, eti lazima uandike amri kwenye skrini nyeusi. Miaka ya 1990 hilo lilikuwa na ukweli. Leo Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, ina menyu, aikoni na kivinjari, na toleo lake jepesi la Xfce hutosheka na RAM ya GB 2, ingawa 4 ni afadhali. Laptopu inayokataliwa na Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0 (chipu ya usalama) itaendelea kupiga kazi, tena bila leseni ya wizi.

Chukua flashi ya GB 8, andika juu yake faili ya ISO (faili moja yenye Mint nzima) kwa programu ya Rufus (kuinakili tu hakutoshi, kompyuta haitawaka nayo), kisha uwashe kompyuta kutoka kwenye flashi. Ijaribu Mint hapo kabla ya kugusa diski. Kinachosumbua mara nyingi ni Wi-Fi, hasa kadi za Broadcom: unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, halafu usakinishe draiva (programu ya kuendesha kadi) inayokosekana. Faili za Excel zenye makro (amri zinazojiendesha), kusema kweli, mara nyingi hukwama kwenye LibreOffice, programu za ofisi zinazokuja na Mint. Mhasibu asikimbilie kuhama. Na hati zako zihifadhi kwingine kwanza, maana ukichagua kufuta diski yote, zimekwenda.