Je, wajua? Kwa nini maziwa hayaondoi vumbi la mgodi kifuani

Mjini Lubumbashi, mtu akitoka kwenye kazi ya vumbi, iwe ni kuvunja mawe, kutwanga madini au kupakia magunia, hakosi wa kumwambia: kunywa maziwa. Wenye uwezo hununua kopo, wengine pakiti ndogo ya maziwa ya unga inayotosha kikombe kimoja, na hesabu hiyo huingizwa kwenye gharama za kazi pamoja na tochi, kamba na unga wa bukari. Inaaminika kwamba maziwa yanashuka kifuani, yanalikusanya vumbi na kulitoa, na kwamba mchimbaji anayeyanywa kila siku hatapata kifua kikuu.

Maziwa hayafiki huko. Lakini aliyeanza kulitaja vumbi la mgodi na kifua kikuu kwa pumzi moja hakukosea: vitu hivyo viwili vinahusiana kweli, na namna vinavyohusiana ni ya ajabu kuliko habari ya maziwa.

Tuanze na maziwa yenyewe. Nyuma ya ulimi kuna njia panda. Njia ya hewa iko mbele, nayo huingia mapafuni. Njia ya chakula iko nyuma yake, nayo hushuka tumboni. Kila tunapomeza, kifuniko kidogo cha gegedu hulala juu ya mlango wa njia ya hewa, maana hata tone moja likipenya mtu hukohoa mpaka machozi yamtoke. Maziwa yaliyonywewa salama hayagusi pafu. Yanayoligusa ni ya mtu aliyepaliwa, na aliyepaliwa sana anaweza kuishia na nimonia. Yakishafika tumboni huvunjwavunjwa kuwa sukari, mafuta na vipande vya protini, kisha huingia kwenye damu. Damu hiyo hupita mapafuni, ni kweli, lakini kilichomo ndani yake wakati huo si maziwa tena; ni chakula, sawa na kile kinachotoka kwenye maharage au ndakala.

Mbona basi watu wengi wanasema wanasikia nafuu? Kwa sababu nafuu ipo, ila iko kooni. Vumbi nene hukwama puani na kooni, huko hukausha na kukwaruza, na kinywaji chochote kitatuliza, hasa chenye mafuta kidogo. Maji yangefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa bei ndogo zaidi. Tena mtu aliyeinama shimoni tangu alfajiri bila kula, ukimpa kikombe cha maziwa yenye sukari, atajisikia vizuri hata kama hakuvuta chembe moja ya vumbi siku hiyo.

Ushahidi wa pili unaotajwa ni makohozi. Mtu alikunywa maziwa jioni, asubuhi anatema kitu chenye rangi ya udongo, pengine kijani kidogo kama alikuwa kwenye malakite, jiwe la kijani lenye shaba. Si umeona, linatoka! Ndiyo, linatoka, na lingetoka hata bila maziwa. Kuta za njia za hewa zimefunikwa na ute, na chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo mno vinavyopigapiga kuelekea juu usiku na mchana, vikiusukuma ute pamoja na chochote kilichonasa ndani yake. Ukifika kooni, sehemu ndogo tunaitema na nyingine yote tunaimeza bila kujua. Kwa hiyo kuna mahali ambapo maziwa na vumbi hukutana kweli: tumboni. Vumbi linalofika huko pafu limeshamalizana nalo. (Vumbi la kobalti lililomezwa lina maswali yake mengine, lakini si ya mapafu.)

Hapa ndipo jambo linapogeuka kinyume na tunavyodhani. Makohozi yenye rangi, yanayomtia mtu hofu, ni hesabu ya vumbi lililoshindwa kufika. Linaloumiza halitemwi, na mara nyingi halikuonekana hata lilipokuwa hewani.

Unywele wa binadamu una upana wa mikromita 70 hivi (mikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Chembe inayoweza kushuka mpaka mwisho wa mapafu ina upana usiozidi mikromita 4 au 5, na nyingi ni chini ya hapo. Chembe kubwa hugonga kuta kwenye kona za pua na mabomba ya hewa, zikanasa. Ndogo hufuata hewa kila inapokunja, hadi kwenye vifuko vidogo ambako oksijeni huingia kwenye damu. Vifuko hivyo ni zaidi ya milioni 300, navyo havina vile vinyweleo vya kusukuma. Vumbi la aina hii pia halina haraka ya kutua. Chembe ya jiwe yenye mikromita 1, mahali ambapo hewa imetulia, huchukua saa zipatazo 6 kushuka urefu wa mita 2. Wachimbaji wakipanda kula mchana, wakirudi wanaona shimo limetulia. Wingu wanalolijua limeanguka, lile jingine bado linaelea palepale lilipoachwa.

Na kiasi kinachohitajika ni kidogo cha kushangaza. Marekani, kwa mfano, mwaka 2016 iliweka kikomo cha mikrogramu 50 (mikrogramu 1 ni sehemu moja ya elfu ya miligramu) za vumbi la kwatsi, lile jiwe gumu lililojaa kwenye mchanga na miamba mingi, kwa kila mita ya ujazo ya hewa ya kazini. Mtu anayefanya kazi ya nguvu huvuta kama mita 10 za ujazo kwa zamu moja, hivyo kikomo chenyewe ni nusu miligramu kwa siku. Punje moja ya mchanga mnene wa mto, yenye milimita 1, ina uzito karibu mara 3 ya hapo.

Kwa kuwa hakuna vinyweleo huko chini, usafi umeachiwa chembehai za ulinzi zinazoitwa makrofaji. Hutembea ndani ya vifuko na kumeza kila kigeni: vumbi, moshi, vijidudu. Zikishameza, humwaga tindikali na vimeng'enya juu ya kilichomezwa mpaka kiyeyuke. Kwa vijidudu vingi njia hiyo inatosha. Kwa kwatsi, fikiria chatu aliyemmeza nungunungu. Kumeza anaweza, tatizo linaanza baadaye. Miiba haiyeyuki, inatoboa tumbo kutoka ndani, na chatu anakufa. Sasa mwongezee nungunungu huyu jambo ambalo wa porini hana: yeye hafi. Chatu akioza, nungunungu anabaki pale mzima na miiba yake yote, anakuja chatu wa pili, anammeza, naye anakufa, kisha wa tatu. Kila anayekufa anamwaga tindikali yake juu ya nyama iliyo jirani, na kila mara pafu linajaribu kuziba kidonda kwa kovu. Chembe moja ya jiwe inaweza kuua makrofaji nyingi, moja baada ya nyingine, kwa miaka, hata kama mwenye pafu aliacha mgodi zamani na sasa anauza makala ya kupikia kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Makovu hayo yakijikusanya kuwa vinundu vigumu, ugonjwa huitwa silikosi. Kwa kawaida huonekana baada ya miaka 10 au zaidi ya kazi. Vumbi likiwa zito kupita kiasi, miaka michache au hata miezi inatosha.

Ucheleweshaji huo ndio unaoilinda imani ya maziwa. Kijana wa miaka 25 anayekunywa kikombe kila jioni ni mzima. Mwenzake asiyekunywa ni mzima pia, ila hakuna anayemwangalia huyo.

Jiwe lenyewe halina kijidudu ndani yake, na hakuna mtu aliyepata kifua kikuu kwa kuvuta vumbi peke yake. Kijidudu cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch alikitambua mwaka 1882, hutoka kwa mtu mgonjwa anapokohoa, hubaki hewani, huingia kwa mwingine na kushuka mpaka kwenye vifuko vilevile. Huko humezwa na makrofaji zilezile. Inakadiriwa kwamba robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa, lakini kati yao ni 5 hadi 10 tu kwa kila 100 watakaougua maishani. Wengine hubaki na kijidudu kilichozungukwa na makrofaji na chembehai nyingine za ulinzi, kimebanwa, hakifi wala hakiendi popote. Sasa tia kwatsi katika pafu hilo. Chembehai zilizokuwa zimekibana kijidudu ndizo zinazokufa kwa jiwe, na mpya zinazokuja zinashughulishwa na vitu viwili kwa wakati mmoja.

Tafiti zilizojumlishwa pamoja mwaka 2021 zilionyesha kwamba mwenye silikosi ana hatari ya kifua kikuu karibu mara 4 ya asiye nayo, na aliyevuta vumbi hilo bila kufikia silikosi ana hatari karibu mara 2. Namba hizi zinatoka kwa sehemu kubwa kwenye migodi rasmi, yenye daftari za wafanyakazi na picha za mionzi. Vipimo kwenye mashimo ya kuchimbwa kwa mikono ni vichache, kwa hiyo ni vyema kuzisoma kama mwelekeo, si kama bei ya dukani. Mtu akiwa na virusi vya UKIMWI pamoja na silikosi, hatari hizo hazijumlishwi, zinazidishana. Jambo hili lilionekana wazi kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini, nchi ambayo ilitunga sheria ya fidia ya ugonjwa wa vumbi mwaka 1911, na ambako mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ilikuwa bado inaidhinisha makubaliano ya kuwalipa wachimbaji wenye silikosi na kifua kikuu.

Swali la haki kwa msomaji wa Lubumbashi: je, jiwe letu lina kwatsi? Huku watu huchimba shaba na kobalti, si dhahabu ya ndani ya kwatsi kama Johannesburg. Jibu limo kwenye majina ambayo wataalamu wa miamba wameyatumia tangu enzi za Union Minière, kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1906. Katikati ya tabaka zenye madini za Katanga kuna mwamba ambao kwa kifupi cha Kifaransa huitwa RSC, na chini yake kuna mwingine, RSF. Herufi S katika yote mawili inasimama kwa neno hilohilo: mawe ya silisi, na kwatsi ni silisi. Kuyafuata madini mara nyingi ni kuupasua mwamba huo au kupita kandokando yake. Kiasi hubadilika toka shimo hadi shimo, kwa hiyo mtu wa Kawama hawezi kupimwa kwa jiwe la Kipushi.

Linganisha na Goma, ambako vijana na akina mama huvunja mawe meusi ya volkeno ya Nyiragongo kwa nyundo kutwa nzima. Ukiona vumbi lile ungesema hatari ni ileile. Lakini lava ya Nyiragongo ni miongoni mwa lava zenye silisi kidogo sana duniani, na ile iliyomo imefungwa ndani ya madini mengine. Kwatsi huru hakuna. Mvunja mawe wa Goma anavuta vumbi linalokera na kuziba kifua, na hakuna anayesema ni salama, ila huyo nungunungu hayumo ndani yake. Volkeno iliyofunika sehemu kubwa ya katikati ya mji mwaka 2002 imewapa watu wake jiwe lenye uungwana kidogo kwa upande huu.

Kinachofanya kazi kwa vumbi la kwatsi ni maji, lakini yamwagwe kwenye jiwe, si kooni. Jiwe likilowa kabla ya kupigwa, chembe ndogo hushikana na hazipandi. Ndiyo maana wanawake wanaoosha madini mtoni, ambao wanateseka kwa mgongo, baridi na maji machafu, wana nafuu ya mapafu kuliko wanaoyatwanga makavu kando yao. Jiwe lililopasuliwa sasa hivi pia ni kali zaidi kuliko vumbi la siku nyingi, kwa sababu uso mpya wa kwatsi huwa bado unashambulia chochote unachokigusa kwa kemikali. Anayepiga nyundo anavuta kibaya zaidi kuliko anayefagia kesho yake. Kitambaa mdomoni huzuia vumbi lile nene, yaani lile ambalo pua ingelizuia. Barakoa ya hospitali inavuja pembeni. Barakoa ya kichungi iliyokaza usoni inasaidia, ingawa kuivaa shimoni kwenye joto, huku unapiga sururu, ni rahisi zaidi kwa anayeandika kuliko kwa anayechimba.

Upande wa kijidudu, dawa ni hewa. Wanaume 6 wakilala kwenye hema moja la turubai lililofungwa kando ya shimo, mmoja akikohoa, usiku unatosha kuwa hatari kuliko mchana.

Vinundu vya silikosi hupenda sehemu ya juu ya mapafu, na ndiko kifua kikuu nacho hupenda kuamkia. Kwenye picha ya mionzi vinaweza kufanana mno, kwa hiyo mtu anaweza kupewa dawa za kifua kikuu kwa ajili ya kovu la jiwe, au kuambiwa "ni vumbi tu" huku anawaambukiza watoto nyumbani. Kinachotofautisha ni kipimo cha makohozi. Na hata kijidudu kikipatikana, matibabu hayawi sawa kabisa na ya mtu mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 kutoka Hong Kong uliwagawa wagonjwa wenye silikosi katika makundi mawili: waliomeza dawa kwa miezi 6, ugonjwa uliwarudia karibu 22 kati ya kila 100, waliofikisha miezi 8, uliwarudia 7. Kwa hiyo akiulizwa hospitalini alikuwa anafanya kazi gani, mchimbaji ataje na ile aliyoiacha miaka 15 iliyopita.