Je, wajua kwa nini gari la kilomita 300 kwa saa huonekana linatambaa kwenye filamu?

Gari la mashindano likienda kilomita 300 kwa saa, linakata karibu mita 83 kila sekunde. Filamu za sinema kwa kawaida hupigwa picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya picha moja na inayofuata gari limeshasogea kama mita tatu na nusu. Ungetarajia mtazamaji ashike kiti kwa mikono miwili. Lakini iweke kamera mbali, juu ya jukwaa, na lenzi ya kuvuta, gari lije moja kwa moja upande wako: utaona kitu kimesimama palepale, kinatetemeka kwenye mvuke wa lami, kinakua kidogo kidogo. Televisheni imetuonyesha mbio kwa namna hiyo miaka mingi, na wengi wamezima runinga wakisema ni magari tu yanayozunguka.

Tatizo ni kwamba jicho hupima mwendo kwa vitu vilivyo karibu nalo. Ukiwa ndani ya basi kutoka Same kwenda Moshi, milima ya Pare hubaki dirishani kwa muda mrefu kana kwamba hamwendi popote, ilhali nguzo za umeme za kando ya barabara zinapita hata kuzihesabu huwezi. Basi ni lilelile na mwendo ni uleule. Kazi ya kwanza ya anayetengeneza filamu ya mbio za magari ni kukuondoa kwenye milima na kukuweka kwenye nguzo.

Mwongozaji John Frankenheimer aliifanya kazi hiyo kwa ukamilifu katika filamu ya Grand Prix ya mwaka 1966. Kamera zake nzito zilifungwa kwenye magari yenyewe, chini karibu na lami, pembeni ya gurudumu, au mbele ya dereva zikimtazama usoni. Ukiiangalia leo utaona ukingo wa barabara ukifyekwa pembeni ya picha, na tairi la mbele likihangaika na kila kibonde. Waongozaji wengi wa zamani walikuwa na njia ya mkato: kupiga picha chache kwa sekunde, kisha kuzionyesha kwa mwendo wa kawaida ili gari lionekane limeongeza kasi. Ujanja huo hujiumbua haraka. Gari huanza kurukaruka, bendera hupepea kwa wazimu, na watu wa kando hutembea kama wamechomwa na siafu. Frankenheimer aliukataa. Alimtumia Phil Hill, bingwa wa dunia wa mwaka 1961 wa Formula 1, daraja la juu la mbio za magari, kuendesha gari la kamera, kwa kuwa lilihitajika gari na mtu wa kuweza kukimbizana na wengine. James Garner, mwigizaji mkuu, aliendesha mwenyewe. Mengi ya magari ya kuigizia yalikuwa ya daraja la chini yaliyovishwa bodi za Formula 1, lakini upepo uliokuwa unavuta mashavu ya waigizaji ulikuwa upepo wa kweli, na shavu halijui kuigiza.

Filamu hiyo ilipata tuzo tatu za Oscar: uhariri, sauti, na vionjo vya sauti. Mwaka 2019 ikatoka Ford v Ferrari ya James Mangold, ikabeba tuzo mbili: uhariri na uhariri wa sauti. Zaidi ya miaka 50 kati yao, na tuzo zimeangukia meza zilezile. Mimi sioni kuwa ni bahati. Ninaamini kabisa kwamba zaidi ya nusu ya filamu nzuri ya mbio hutengenezwa kwa ajili ya masikio.

Fikiria sauti inafanya nini. Injini ikishuka kutoka mlio mkali kwenda mzito, gia zikipunguzwa moja, mbili, tatu, unajua kona imefika kabla hujaiona. Dereva akichelewa kuachia mafuta, unasikia, na tumbo linakaza. Akiwahi kuachia, unajua ameogopa, hata kama uso wake umefichwa na kofia. Mtu ambaye hajawahi kushika usukani hujifunza lugha hiyo ndani ya dakika ishirini bila kufundishwa. Ndiyo sababu filamu hizi huenda vizuri hata kwenye vibanda umiza, ambako si kila mtu anafuata maneno ya Kiingereza: habari yote ya msingi iko kwenye mlio. Filamu mbovu hufunika mlio huo kwa muziki mwanzo hadi mwisho, kisha inashangaa kwa nini watu wanasinzia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye Le Mans ya mwaka 1971, yake mwigizaji Steve McQueen. Mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, zinakaribia kuanza, saa kumi jioni. Umati umejaa, spika zinatangaza. Madereva wameshaketi ndani ya magari. Kisha kelele zote zinaondoka, na kinachobaki ni mapigo ya moyo. Kamera inaonyesha macho, mkono kwenye usukani, mshale wa saa. Mapigo yanaendelea. Saa inapotimia, injini zinalipuka kwa pamoja, na wewe uliyeketi kitini unajikuta ulikuwa umebana pumzi. Filamu hiyo inapita zaidi ya nusu saa kabla mhusika mkuu hajafanya mazungumzo yoyote ya maana na mtu, wala hupotei.

McQueen alikuwa dereva kweli. Mwezi Machi 1970 yeye na Peter Revson walishika nafasi ya pili kwenye mbio za saa 12 za Sebring kule Marekani, mguu wake wa kushoto ukiwa na plasta. Mwezi Juni mwaka huo kampuni yake iliingiza Porsche 908 yenye kamera kwenye mbio halisi za Le Mans, ikiendeshwa na Herbert Linge na Jonathan Williams, ikisimama mara kwa mara kubadilishiwa mikanda ya filamu. Gharama ya ukweli huo haikuwa fedha tu. Dereva David Piper alipata ajali wakati wa upigaji picha na akapoteza sehemu ya mguu wake. Mwongozaji wa kwanza, John Sturges, aliondoka kazi ikiendelea, na Lee H. Katzin ndiye aliyeimalizia. Hapo ndipo doa lake lilipo: picha na sauti hazina mfano, lakini kazi ilianza bila hadithi iliyokamilika, na inaonekana. Unaogopa ukiwa ndani ya gari. Kwa mtu aliyemo humo, huna hofu ya kutosha.

Kwa hiyo kasi ikishapatikana, bado lipo swali la pili: kwa nini nijali nani atafika kwanza? Rush ya Ron Howard, ya mwaka 2013, inalijibu vizuri kuliko nyingine nilizoziona. Inasimulia msimu wa 1976, Niki Lauda wa Austria dhidi ya James Hunt wa Uingereza. Tarehe 1 Agosti gari la Lauda liliwaka moto kwenye mbio za Nürburgring, Ujerumani, naye ndani. Alivuta moshi wa sumu, akaungua uso na kichwa, akafikia hatua ya kuletewa padri hospitalini. Wiki sita baadaye alikuwa kwenye mbio za Monza, Italia, akamaliza wa nne. Filamu inatuweka naye akijaribu kuvaa kofia ya mbio juu ya ngozi iliyoungua, akisukuma taratibu, na kwa dakika hiyo hakuna gari hata moja kwenye picha. Mbio za mwisho zilikuwa Fuji, Japani, katika mvua kubwa. Lauda aliendesha mizunguko miwili, akarudi, akazima gari. Hunt alimaliza wa tatu na kutwaa ubingwa kwa pointi 69 dhidi ya 68.

Kilele cha filamu ya mbio, basi, ni mtu anayeamua kusimama. Na kinafanya kazi kwa sababu tumeshaonyeshwa ngozi yake. Ni kweli filamu imekuza uadui. Wawili hao walikuwa marafiki tangu siku za ujana wao katika mbio. Hilo naliona ni upungufu, maana ushindani kati ya marafiki una uchungu wake ambao ungefaa kuonekana. Asif Kapadia katika Senna ya 2010 alikwepa mtego huo kwa kutumia picha za kumbukumbu pekee: hakuna mwigizaji, na hakuna mtaalamu anayeketishwa mbele ya kamera kutufafanulia. Tunapanda na Ayrton Senna, bingwa kutoka Brazil, hadi mbio za Imola, Italia, alikofia tarehe 1 Mei 1994, tukitazama kutoka ndani ya gari lake, tukijua kitakachotokea nasi hatuwezi kumwambia.

Filamu iitwayo F1 (yaani Formula 1) ya mwaka 2025, iliyopigwa kwenye mashindano halisi, imepeleka kamera mahali ambapo hazijawahi kufika. Hadithi yake ni nyepesi zaidi ya picha zake.

Na Afrika Mashariki? Toshiro Mifune, Mjapani aliyecheza mwenye timu katika Grand Prix, alirudi kwenye mbio mwaka 1969 katika filamu ya Kijapani iitwayo Safari 5000, pamoja na Yujiro Ishihara. Ilihusu Safari Rally yetu, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu hapo mashindano hayo yamekosa filamu kubwa ya kwao, na inanisikitisha kweli, kwa sababu hadithi zimejaa. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika mwaka uliotangulia.

Rali ni ngumu zaidi kuigiza. Kila gari linashindana na saa, mpinzani humwoni, na kona ile ile hairudi tena. Kwa hiyo kamera ingelazimika kuingia ndani na kubaki humo: ndugu wawili bega kwa bega, mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye ramani na saa, matope ya mvua za Pasaka yakigonga sakafu ya gari, na sauti ya injini ikiwaambia kabla ya kitu kingine chochote kama watafika Nairobi.