Rasimu, marekebisho na subira: dhana potofu zinazowakatisha tamaa waandishi

Miongoni mwa vijana wanaoandika hapa Mwanza, kuanzia wanafunzi wa Nyegezi hadi wenye maduka Kirumba wanaoshika kalamu usiku baada ya kufunga biashara, yapo madai kuhusu uandishi yanayorudiwa kana kwamba ni kanuni. Nayaandikia kwa sababu yamewafanya wengi waache miswada njiani, na miongoni mwao wamo wenye uwezo mkubwa.

Dhana: Mwenye kipaji huandika mara moja tu, na kinachotoka ndicho kitabu.

Mfano unaopendwa ni wa Mmarekani Jack Kerouac, aliyepiga chapa riwaya yake *On the Road* kwa wiki tatu hivi mwezi Aprili 1951, akitumia karatasi zilizounganishwa zikawa ukanda mmoja mrefu. Kisichosimuliwa ni kwamba alikuwa amekwisha kujaza madaftari na kuijaribu riwaya hiyo kwa miaka kadhaa, na kwamba ilichapishwa mwaka 1957, ikiwa imepitia marekebisho. Wiki tatu zile zilikuwa hatua moja tu ya kazi ndefu.

Dhana: Kurekebisha ni kusahihisha tahajia na alama za uakifishaji.

Hili ndilo linaloharibu kazi nyingi zaidi. Usahihishaji wa tahajia ni hatua ya mwisho. Kabla yake mwandishi anapaswa kujiuliza kama hadithi imeanzia mahali panapofaa, kama kila mhusika ana sababu ya kuwamo, na kama sura fulani ingeweza kuondolewa bila msomaji kupungukiwa na kitu. Hakuna faida ya kutumia jioni nzima kunyoosha aya ambayo kesho itafutwa.

Muundo ukishatulia, ndipo sentensi zinapokaguliwa moja moja. Tuseme rasimu ya kwanza inasema: “Alikuwa ni mwanamke ambaye alikuwa akiuza dagaa pale Mwaloni na alikuwa na huzuni nyingi sana moyoni mwake.” Sarufi yake haina kosa kubwa, lakini msomaji ameambiwa huzuni asiyoiona. Baada ya marekebisho inaweza kuwa: “Mchanga ulikuwa umekwisha kutoka kwenye dagaa, naye bado alikuwa akipepeta.” Neno “huzuni” limeondoka, na huzuni yenyewe imebaki. Hata hivyo, sentensi ya pili isingepatikana bila ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyomwonyesha mwandishi alichokuwa akikitafuta. Kwa sababu hiyo sioni haya yoyote katika rasimu mbovu.

Dhana: Lazima usubiri ilhamu.

Ilhamu ipo, lakini mara nyingi humkuta mtu akiwa tayari anaandika. Saa moja ya kila siku huzaa kurasa nyingi kuliko usiku mmoja wa msisimko unaofuatwa na miezi ya ukimya.

Dhana: Mswada uliokaa miaka mingi umeshindikana.

Mzee Aniceti Kitereza, wa Ukerewe, ng’ambo tu ya maji kutoka hapa, alikamilisha riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Alipokosa mchapishaji wa lugha hiyo, mwenyewe aliitafsiri kwa Kiswahili, kazi iliyomlazimu kuipitia upya sentensi kwa sentensi, na ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Sisemi kwamba kucheleweshwa hivyo kulikuwa kwa haki, maana mwandishi yeyote anastahili kusomwa angali hai. Ninachosema ni kwamba umri wa mswada si kipimo cha ubora wake. Kuuweka kando kwa majuma kadhaa, kisha kuusoma wote kwa sauti, humwezesha mwandishi kusikia mahali sentensi inapokwama na mahali mazungumzo yanapokosa uhai, mambo ambayo ni vigumu kuyagundua siku ile ile aliyoyaandika.