Amri zilitolewa kwa watu waliokwisha kuokolewa

Katika madarasa ya kipaimara ninayofundisha hapa Kampala, swali linalorudi kila mwaka ni hili: ikiwa tunaokolewa kwa neema wala si kwa matendo yetu, Mungu alitupa amri za nini? Ni swali la haki, na mara nyingi anayeliuliza ndiye aliyesoma Waraka kwa Wagalatia kwa makini kuliko wenzake. Jibu langu huanzia katika mpangilio wa kitabu cha Kutoka chenyewe. Pasaka imo katika sura ya 12, kuvuka bahari katika sura ya 14, na Amri Kumi hazitangazwi mpaka sura ya 20. Waliosimama chini ya mlima Sinai walikuwa huru tayari, na walipovushwa bahari hawakuwa wamepewa hata moja kati ya amri hizo. Ndiyo maana Mungu, kabla ya kuamuru lolote, anajitambulisha: “Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa.” Wanafunzi wengi wamekariri amri zote bila aya hiyo, na naamini hapo ndipo fundisho linapopinda, kwa sababu anayeanzia kwenye makatazo husikia masharti ya kukubaliwa, ilhali anayeanzia kwenye aya hii humsikia Mwokozi akiwafundisha watu wake namna ya kuishi wakiwa huru.

Sisemi kwamba amri hazituhukumu. Paulo anakiri katika Warumi 7 kwamba asingalijua kutamani kama torati isingalisema usitamani, na kila anayejipima nazo kwa unyofu huona upungufu wake na kumhitaji Kristo. Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16, aliisisitiza sana kazi hiyo ya kutuonyesha upungufu wetu. Yohana Calvin, mwanamatengenezo mwenzake, aliikubali, akaongeza kwamba sheria huzuia uovu katika jamii, kisha akasema kuwa kazi yake iliyo kuu ni kuwaongoza waamini wajue mapenzi ya Mungu. Nami nasimama upande wake.

Tazama amri ya Sabato. Kutoka 20 inaitegemeza juu ya uumbaji, lakini Kumbukumbu la Torati 5 inatoa sababu nyingine: mtumishi wako wa kiume na wa kike wapumzike kama wewe, kwa kuwa nawe ulikuwa mtumwa Misri. Mapumziko hayo, basi, ni haki ya yule asiye na uwezo wa kujipumzisha. Nalisema hili waziwazi kwa Wakristo wenzangu wa mjini, kwa sababu yupo binti aliyeamka kabla ya alfajiri kupiga pasi nguo za ibada za familia nzima, kisha akabaki jikoni akimenya matoke huku waajiri wake wakiimba kanisani, na Jumatatu yake ikawa kama Jumapili yake. Anayemnyima siku yake hajaishika amri hii, hata kama yeye mwenyewe hakosi ibada.

Wako wanaohofu kwamba tukihubiri neema kwanza watu watalegea. Historia yetu wenyewe inajibu. Uamsho wa Balokole (neno la Kiganda lenye maana ya “waliookoka”), ulioenea Uganda kuanzia miaka ya 1930, ulihubiri damu ya Kristo na msamaha wa bure, na waliousikia walirudisha mali walizoiba, wakalipa madeni ya zamani na kuungama hadharani. Hawakurudisha ili waokoke, walikuwa wameokoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, katika Luka 19. Yesu alimwambia kwanza kwamba leo atashinda nyumbani kwake, naye Zakayo, bila kuagizwa, akaahidi kurudisha mara nne chochote alichomdhulumu mtu, kiwango kile kile ambacho Kutoka 22 inamtoza mwizi wa kondoo.