Hati iliyo sandukuni si rejista

Juma lililopita nilikaa barazani Ganda na ndugu watatu, wanaume wawili na dada yao. Shamba lao limejaa mawe ya kujengea, na mchimbaji amewafuata anataka kufungua timbo. Nikauliza rejista ya ardhi, ile ya serikali, inasema jina la nani. Kaka mkubwa akaingia ndani, akatoka na bahasha ya plastiki. "Hati hii hapa, bwana, haina hata kunyanzi." Jina lililoandikwa ni la marehemu baba yao.

Nimechoka kuisikia. Msabaha wameniambia, Gongoni wameniambia, Manda Maweni wameniambia: hati tunayo, basi mambo yetu yako sawa. Hayako sawa.

Hati ni nakala. Inaonyesha jinsi rejista ilivyokuwa siku ile karatasi ilipotolewa. Baada ya hapo benki inaweza kuandikisha rehani, jirani akaweka zuio, mahakama ikatoa amri, na karatasi yako sandukuni isijue lolote. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya 2012, msajili anatazama rejista. Fanyeni sachi kwanza, yaani mkaulize kwa msajili rejista inasema nini leo, ndipo mniite.

Na madini? Hilo nalipita haraka. Ibara ya 62 ya Katiba imeyahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma, hata yakiwa chini ya shamba la mtu, na Sheria ya Madini ya 2016 imekaza hapo hapo. Watu wa Malindi hawana sababu ya kulishangaa hili. Hapa kwetu mnazi una mwenyewe na shamba lina mwenyewe, na mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine akalipa kodi ya ardhi miaka yote. Umiliki wa juu na wa chini kutengana ni jambo tulilolelewa nalo. Na ndiyo, mawe, mchanga, kokoto na udongo wa ujenzi vimo katika sheria hiyo. Si dhahabu peke yake.

Basi mwenye shamba ana nini? Ana ridhaa. Haki ya kuchimba katika ardhi ya mtu binafsi haitolewi bila idhini ya wazi ya mmiliki aliyesajiliwa. Lisomeni neno hilo tena: aliyesajiliwa. Sheria haikusema anayelima, wala anayelala hapo, wala kifungua mimba. Marehemu hatii sahihi, na mtoto wake hana kalamu yake. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinamzuia yeyote kugusa mali ya marehemu bila mamlaka, na adhabu ni faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka 1, au vyote viwili. Kaka mkubwa anayemtilia mchimbaji sahihi "kwa niaba ya familia" anadhani anawasaidia wenzake, kumbe anajiingiza kwenye kosa na anampa mchimbaji karatasi isiyomfaa.

Njia ya kulisafisha jina ni ndefu: cheti cha kifo, barua ya chifu, ombi mahakamani, tangazo la siku 30 katika gazeti rasmi la serikali, barua za usimamizi zinazompa mtu mamlaka juu ya mali ya marehemu, kisha kwa kawaida miezi 6 kabla ya kuthibitishwa. Waislamu wengi hapa huenda kwa kadhi, naye huwapigia mafungu yao. Tatizo langu halianzii mahakamani, linaanza siku ya kutoka mahakamani. Watu hupokea hukumu, husoma fatiha, huiweka hukumu ndani ya bahasha ile ile pamoja na hati, na sanduku hufungwa. Msajili hakuambiwa kitu. Miaka inapita, mmoja wa warithi anafariki, na sasa kuna mirathi mbili juu ya jina moja la zamani. Hukumu ya kadhi isiyofikishwa kwa msajili haijabadilisha hata herufi moja kwenye rejista.

Kwa wale wa Ganda nilichukua kalamu. Mama yao yu hai, na kaka mkubwa alikuwa hata hakumtaja. Mjane ana thumuni, yaani moja ya nane. Ukigawa mali mafungu 40, mama anachukua 5, kila mwana wa kiume 14, dada 7. Dada alikuwa ameahidiwa "tutakuona baadaye".

Lakini hapa nina shaka yangu, na sitaificha. Je, tuwaandikishe wote wanne? Vitabu vinasema ndiyo. Mimi nimebadili mawazo mara mbili. Kila ridhaa itahitaji sahihi nne, na mmoja wao akiwa Jeddah au akifariki, kazi inaanza upya. Tukiandikisha mmoja awashikie wenzake amana, nimeona amana hiyo ikiliwa. Tukipima na kugawa viwanja, mawe yako pembe moja tu ya shamba, nani apewe pembe hiyo? Kwa sasa naelemea kuwaandika wote, kila mmoja na fungu lake, kwa sababu ya yule dada. Familia nyingine huenda nikaishauri vingine.

Kuna rejista ya pili ambayo hata watu wa mjini huisahau, ile ya haki za madini, inayotunzwa na wizara nyingine kabisa. Kubadilisha jina katika moja hakubadilishi nyingine. Kibali cha mchimbaji mdogo wa mikono hakizidi miaka 3, leseni kubwa hufika miaka 25. Ukinunua shamba hujanunua kibali, na aliyekuuzia kibali chake bila idhini ya serikali hajakuuzia kitu. Na ile asilimia 10 ya mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa serikali kwa madini anayotoa, mnayoniulizia kila siku ni ya jamii inayoishi karibu na machimbo. Asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti. Haikuandikwa kwa mwenye hati, ambaye chake ni fidia na yale aliyokubaliana na mchimbaji.

Ndugu zangu wa Lamu wanaoishi kwenye ardhi ya jamii, rejista yenu ni orodha ya wanachama. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka thuluthi mbili za wanachama watu wazima wakubali mkutanoni kabla ya mapatano na mwekezaji. Thuluthi mbili za watu gani, ikiwa waliozikwa bado wanahesabiwa na vijana waliotimiza miaka 18 hawajaandikwa? Mapatano ya namna hiyo yanapingwa kwa kuhesabu vichwa tu.

Tulipokuwa tukiagana pale Ganda niliomba cheti cha kifo cha baba. Wakanipa kibali cha maziko. Cheti hakikuchukuliwa kamwe. Dada akaniuliza kama mchimbaji atangoja, nikamwambia huenda asingoje. Jumatatu asubuhi tunakwenda kwa chifu, na mama yuko nasi.