Kikokotoo cha dola 8 na daftari la mali

Ukikaa na wenye maduka wa Kadutu, Bukavu, utasikia kanuni iliyozoeleka: kitu chochote kinachodumu zaidi ya mwaka lazima kiandikwe kama mali ya kudumu, kisha thamani yake ipunguzwe mwaka kwa mwaka. Ni nusu ya ukweli tu.

Kongo iko OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, tangu 2012, na SYSCOHADA, mfumo wake wa hesabu, unaruhusu vitu vya thamani ndogo vihesabiwe kuwa vimetumika mwaka ule ule vilivyonunuliwa. Vinaingia klasi ya 6, ya matumizi, si klasi ya 2, ya mali ya kudumu. Kugawa kikokotoo cha dola 8 kwa miaka 5 ni kufuatilia dola 1.6 kila mwaka. Wino wenyewe una gharama!

Kiwango cha kuita kitu cha thamani ndogo ni kipi basi? Wengine hunakili dola 2,500 kutoka intaneti. Hiyo ni kanuni ya kodi ya Marekani, haituhusu. Kwa duka dogo, 2,500 inaweza kumeza karibu mali yote. Chagua kinacholingana na ukubwa wa biashara yako, kiandike, na usikibadilishe kila faida inapokukera.

Penye utata ni vitu vya jumla. Mama anayekodisha viti vya harusi akinunua 300 kwa dola 10 kimoja, kila kiti ni kidogo, lakini dola 3,000 ndiyo biashara yake yenyewe. Hapo mimi ningeviandika vyote pamoja, kama mali.